Sura ya 4: Meza Isiyo na Kofia

Mashine nyingi za kupasulia mbao zilizopo Keko, pale Temeke, hazikutoka dukani. Zimetoka mtaa wa pili, kwa mchomeleaji. Vyuma vya engo hukatwa vikawa miguu minne, bati nene likalazwa juu likawa meza, mota ikafungwa chini, mara nyingi mota iliyong'olewa kwenye mashine nyingine iliyokwisha kufa. Mkanda huchukua nguvu ya mota na kuipeleka kwenye shafti, na bledi huchomoza katikati ya meza. Hapo kazi imekwisha. Mashine hiyo hupasua mninga vizuri tu, na fundi anaweza kuilipa kidogo kidogo, jambo ambalo asingeliweza kwa mashine ya Italia.

Itazame tena, safari hii ukitafuta visivyokuwepo. Juu ya bledi hakuna kofia ya kuikinga. Nyuma yake hakuna bapa la chuma la kuzuia mbao isijibane. Mkanda unazunguka wazi, usawa wa goti la anayepita. Na pa kuwashia pana swichi ya ukutani, ya aina ileile inayowasha taa ya sebuleni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichovunjika au kuibwa. Havikuwahi kuwepo, kwa sababu aliyeagiza mashine hakuviomba na aliyeichomelea hakuwahi kuviona. Sura hii inahusu vidole vya mafundi, lakini nimeona tuanzie kwa mchomeleaji, kwa kuwa ajali nyingi za karakana huwa zimeshaandaliwa siku mashine inapokabidhiwa.

Mitaani hadithi husimuliwa vingine. Kijana akikatwa, kinachosemwa kwanza ni kwamba alizembea: alikuwa anapiga soga, alikuwa anachungulia simu, alikesha akitazama mpira. Majeruhi mwenyewe huwahi kukiri, maana kusema ulizubaa kidogo kunauma kidogo kuliko kusema umefanya kazi miaka yote hiyo kwenye mashine ambayo ingekukata siku yoyote. Tajiri naye huipenda hadithi hiyo kwani haimdai kitu. Sibishi kwamba watu huzubaa. Karani akizubaa hufuta na kuandika upya. Mpasuaji akizubaa hupoteza dole gumba. Vichwa vyao ni vilevile, na kinachowatofautisha kimo mezani.

Bledi ya kipenyo cha milimita 300, ikizunguka mara 2,900 kwa dakika kama mota nyingi zinavyoizungusha, hukimbiza ncha ya kila jino kwa mita 45 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Binadamu huhitaji takriban sehemu ya tano ya sekunde kuhisi kitu na kuanza kuondoa mkono. Katika muda huo bledi yenye meno 40 imeshazunguka karibu mara 10, na meno karibu 400 yamepita mahali palepale. Mtu anaweza kuwa mwangalifu kabla ya kuguswa. Akishaguswa, hakuna anayewahi.

Na mara nyingi mkono haujipeleki wenyewe kwenye bledi, hupelekwa. Meno ya mbele, yanayomtazama fundi, hushuka. Huikandamiza mbao mezani na kuitafuna taratibu. Meno ya nyuma hupanda. Mbao iliyokwisha kupasuliwa ikijibana ikayashika meno hayo ya nyuma, au ikipinda kidogo ikaacha chuma cha kuongozea, meno huinyanyua na kuirusha kule alikosimama fundi. Kipande hicho kinaweza kuvunja mbavu, na hilo peke yake ni ajali mbaya. Lakini kuna la pili, linalotokea kufumba na kufumbua: mkono uliokuwa unasukuma kwa nguvu hukosa ghafla cha kusukuma. Uzito wote wa mwili ulikuwa nyuma yake. Mkono unakwenda mbele, na mbele kuna bledi.

Kwa nini mbao ijibane? Mti uliokua kwenye mteremko, au uliopigwa na upepo wa upande mmoja miaka yake yote, huhifadhi mvutano ndani ya nyuzi zake. Ukiupasua, mvutano huo unaachiliwa, na vipande viwili ama hutanuka ama hufumbana kama koleo, bledi ikiwa katikati. Mbao mbichi ni sumbufu zaidi, na paini nyingi inayoshuka Dar es Salaam kutoka Mafinga na mashamba ya Sao Hill hufika ikiwa bado na maji. Huko Mufindi, yaliko mashamba hayo, magogo hupasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamishika ambazo watu huziita dingdong: injini, bledi kubwa iliyo wazi, na vijana wanaolisukuma gogo kwa mikono. Mtu akitaka kujua hatari ya Keko inafananaje ikikuzwa, aende akaitazame dingdong ikifanya kazi, akiwa amesimama pembeni, si nyuma yake.

Mbao ngumu zina visa vyake. Mvule huweza kuwa na mawe ndani, chokaa iliyojikusanya mti ukiwa hai na isiyoonekana kwa nje. Jino likikutana nayo hupoteza makali au hukatika. Bledi butu hudai msukumo mkubwa zaidi, na nguvu yoyote ya ziada unayoiweka nyuma ya mbao ndiyo itakayoupeleka mkono wako mbele mbao ikiteleza. Wapo wanaodhani bledi kali ndiyo ya kuogopwa. Fundi mzoefu huiogopa butu.

Dawa ya mbao kujibana ni ya zamani. Kanuni za Uingereza za mwaka 1922 kuhusu mashine za mbao zilikwisha kuidai: kisu cha chuma kisicho na makali, kilichopinda kufuata mviringo wa bledi, kinachosimama nyuma yake na kuingia ndani ya mpasuo ili vipande viwili visikutane. Unene wake uzidi kidogo bapa la bledi, lakini usifikie upana wa mpasuo unaochimbwa na meno. Kikae karibu na bledi, pengo lisizidi milimita 8 kwenye usawa wa meza. Hakina umeme, hakina springi, hakizuii fundi kuona mstari wake. Katika vifaa vyote vya usalama vya karakana, sijui kingine kinachodai kidogo namna hii na kuokoa kingi namna hii.

Kofia ina ubishi zaidi, na mafundi wanaoikataa hawakosi hoja. Huficha mstari wa kukatia. Hujaa vumbi. Kuna kazi haiwezekani nayo, kama kuchimba mfereji usiotoboa mbao upande wa pili. Hata kwenye karakana zenye mashine za kiwandani utaikuta kofia imening'inizwa ukutani, safi, haijaguswa. Ningekuwa na nafasi ya kudai kimoja tu, ningeanza na kisu cha nyuma, kisha kijiti cha kusukumia. Hicho cha pili hakigharimu chochote: karakana imejaa vipande vya mbao vya kutupwa. Kiwe na urefu wa sentimita 45 hivi, kichongwe pembe ndogo mwishoni ya kushika ukingo wa mbao, kitumike kwa sentimita 30 za mwisho za kila mpasuo, pale mkono unapokuwa karibu zaidi. Bledi ikikila, chonga kingine.

Glovu naomba zisiingie hapa kabisa. Watu wenye nia njema huzigawa kama msaada, zikapigwa picha, na picha zikapendeza. Kwenye mashine inayozunguka glovu hunaswa uzi mmoja, na kilichokuwa kiwe mkwaruzo kinauvuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati na mikufu nayo ni vivyo hivyo.

Mashine ya randa ina tabia nyingine. Visu vyake vimo kwenye kichwa kinachozunguka chini ya uwazi wa meza, na kidole kinachoingia humo hakikatwi kikabaki, husagwa. Vichwa vya zamani vilikuwa vya mraba, na pembe zake ziliacha pengo ambamo vidole vinne viliweza kuzama kwa pamoja. Kichwa cha duara kilipoenea Ulaya katika karne ya 20, vidole vilianza kupoteza ncha badala ya kumezwa hadi kiganjani. Maendeleo ya usalama wa kazi wakati mwingine hupimwa hivyo, kwa sentimita za nyama. Wanaoumia kwenye randa mara nyingi walikuwa wanaranda kipande kifupi, cha mguu wa stuli au fremu ya kioo, kwa mkono mtupu. Chini ya sentimita 30 hivi mbao haina pa kushikwa: mbele na nyuma ya kichwa cha visu hakubaki meza ya kutosha kuituliza, inadunda, na kiganja kinatua ilipokuwa.

Kuna pia grenda iliyovuliwa kinga na kufungwa bledi ya mbao. Grenda ni ya chuma na mawe. Hukimbia mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko bledi za mbao zilivyokusudiwa, na ikikwama humrukia aliyeishika, usoni au shingoni. Sina la kuongeza juu yake ila kwamba isitumike hivyo.

Turudi kwenye ile swichi ya ukutani, ambayo mtu anayekagua karakana kwa macho ya haraka hawezi hata kuiona. Tuseme umeme unakatika saa nne asubuhi, bledi ikiwa katikati ya mbao. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Mgao ulioanza Septemba 2023 uliwatesa hadi mwanzoni mwa 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha. Fundi anasubiri, anachoka, anaamua kutumia nafasi hiyo kubadilisha bledi au kukomba maranda yaliyojaa chini ya meza. Swichi imebaki ilipokuwa: imewashwa. Saa tano na robo umeme unarudi mtaa mzima, redio zinaanza kuimba, na mashine nayo inawaka ikiwa na mkono ndani.

Hapo hakuna aliyezembea kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Mtu alisahau kitu ambacho hakikumkumbusha. Stata ya sumaku, ile ya vitufe viwili, kijani na chekundu, imetengenezwa kwa ajili ya saa tano na robo hiyo. Ndani yake mna koili inayoshikiliwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika koili inaachia, na ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze kijani. Stata nyingi pia zina kinga inayokata umeme mota ikizidiwa, kwa hiyo hata tajiri asiyejali vidole vya mtu ana sababu ya kuinunua: inaokoa mota. Nimeona hoja ya mota ikikubalika haraka kuliko hoja ya vidole, na sioni aibu kuitumia.

Sasa tutoke kwenye chuma twende kwenye pesa. Mafundi wengi hawamiliki mashine. Hununua mbao, huzipakia kwenye guta na kuzipeleka kwa mwenye mashine, hulipia upasuaji na urandaji kwa futi au kwa ubao, kisha huzirudisha kwenye kibanda chao kuunga na kupiga msasa. Mpasuaji pale kwenye mashine hulipwa kwa idadi. Foleni ikiwa ndefu, kila dakika ya kurekebisha chuma cha kuongozea, ya kunoa, ya kutafuta kijiti cha kusukumia, inatoka mfukoni mwake. Na nyuma yake wamesimama wateja watatu wanaomwambia afanye chapuchapu. Ukimlipa mtu kwa futi, umemlipa pia asisimame.

Mbao ndefu huhitaji mtu wa kuipokea upande wa pili. Mara nyingi huyo ni msaidizi aliyekuja na mteja, au mteja mwenyewe, au kijana aliyekuwa anapita akaitwa. Hajui kwamba akiivuta mbao kabla haijamaliza kupita anaipindisha kwenye meno ya nyuma. Hajui kwamba mkono wake uko upande wa bledi ambao hauonekani kwa anayesukuma. Watu wawili wasiofahamiana, wasiosikilizana kwa kelele, wanaongoza kitu kimoja kupita kwenye chuma kinachozunguka. Ningependa kujua ni nani angekubali mpango huo kama angeulizwa akiwa ameketi ofisini.

Kuna majira pia. Wiki za kabla ya Idi na Krismasi kila mtu anataka kochi lake. Januari shule hufunguliwa. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoleta wanafunzi wengi darasani kwa mpigo, serikali ya Rais Magufuli iliwataka wakuu wa mikoa wamalize upungufu wa madawati ifikapo tarehe 30 Juni, na karakana za nchi nzima zikawa zinafanya kazi usiku na mchana. Dawati lina vipande vingi vifupi vinavyofanana. Kwa mpasuaji, hiyo ni kazi ya kurudia tendo lilelile mara mia, mikono ikijifanyia yenyewe huku macho yakiwa yamechoka.

Wanaojifunza huingia katikati ya haya yote. Saidia fundi huanza kwa kupiga msasa, kupaka gundi, kufagia maranda na kufuata chai. Mashine huitazama kwa mbali kwa miezi. Siku ya kuigusa kwa mara ya kwanza mara nyingi haipangwi na mtu. Huja fundi mkuu anapokuwa msibani na mteja anapokuwa amesimama mlangoni. VETA hufundisha useremala pamoja na usalama wake, na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mtaani, lakini kijana anayehitaji hela ya kula leo huenda pale panapolipa leo. Anachokiona kwa fundi wake ndicho atakachokifanya. Akimwona fundi mwenye kidole kimoja pungufu akipasua bila kijiti huku anacheka, atajifunza kwamba ndivyo kazi ilivyo, na kwamba hofu ni ya wanagenzi.

Inapotokea, jeraha la bledi halifanani na la kisu. Bledi huondoka na nyama na mfupa wa upana wa mpasuo wake, milimita 3 au zaidi, na kuacha unga wa mbao ndani. Ndiyo maana kukiunga upya kidole kilichokatwa na mashine ya mbao ni kazi ngumu hata penye hadubini na daktari wa upasuaji wa mishipa. Sehemu ya mshipa haipo tena ya kuungwa. Dole gumba na kidole cha shahada ndivyo hutangulia, kwa kuwa ndivyo vinavyoishika mbao. Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari, dole gumba peke yake hubeba takriban asilimia 40 ya kazi ya mkono. Bila hilo, patasi haishikiki.

Yanayotakiwa kufanywa dakika za kwanza ni machache na yanajulikana. Zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kuchungulia. Mkono uinuliwe juu ya kifua. Mafuta ya taa, gundi, kahawa, unga wa mbao: visiguse jeraha, kwani vyote vitabidi viondolewe hospitali kwa maumivu. Kidole kilichotoka kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kikigusa barafu moja kwa moja huungua kwa baridi na hakifai tena. Chanjo ya pepopunda iulizwe hata kama jeraha ni dogo, maana maranda ya sakafuni yamekanyagwa na kila kiatu.

Yanayofuata ni hesabu. Tajiri mwenye utu hulipa bili ya hospitali, humpa kijana nauli na kitu cha kula kwa wiki mbili tatu, na hapo jambo huhesabiwa limekwisha. Tanzania ina chombo kwa ajili hii: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Kwa mfanyakazi wa shilingi 300,000 kwa mwezi hiyo ni shilingi 1,500, sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Mfuko hulipia matibabu, na mtu akiwa hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa muda. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi.

Kwa yule kijana wa kupokea mbao, sheria hiyo iko mbali. Mwajiri wake ni nani? Mwenye mashine atasema hamjui. Mteja atasema alimlipa apakie guta. Mpasuaji anayelipwa kwa idadi ataambiwa ni mtu anayejitegemea, ingawa hana mashine, hana bei anayoipanga na hawezi kumfukuza mteja. Kenya ilichagua njia nyingine, sheria yake ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 ikimtaka mwajiri akate bima, na mafundi wa Gikomba, Nairobi, wanagonga mwamba uleule: kwanza lazima apatikane anayekubali kuitwa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, inaupa wakala wa serikali, OSHA, mamlaka ya kukagua karakana hizi, na wakaguzi wake hufanya hivyo. Lakini karakana yenye watu watatu chini ya turubai inaweza kuhama kabla ya mkaguzi kurudi.

Kama kidole kinachoonekana kinapata tabu hii kupata fidia, fikiria kisichoonekana. Katika miaka ya 1960 daktari wa pua na koo Esme Hadfield, aliyefanya kazi High Wycombe, mji wa Uingereza uliojulikana kwa viti, aliona wagonjwa wengi kupita kawaida wa saratani adimu ya mianzi ya pua. Walifanana kwa jambo moja: walikuwa mafundi wa samani. Utafiti alioufanya na Donald Acheson na wenzao, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba mafundi hao walikuwa katika hatari kubwa mamia ya mara kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Kati ya kulivuta vumbi na kuugua, mara nyingi hupita miaka kama 40. Kwa hapa nyumbani, Larama Rongo wa Muhimbili na wenzake waliandika mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi wa karakana ndogo za mbao za Tanzania, wakakuta dalili za kifua ni nyingi kwao kuliko kwa wasiofanya kazi hiyo. Mafundi wenyewe huujua mvule kwa kupiga chafya na kuwashwa ngozi. Kufagia kukavu alasiri, wenzako wakiwa bado wanafanya kazi, ndiyo njia ya uhakika ya kulirudisha hewani vumbi lililokwisha tua. Kunyunyiza maji kwanza hakugharimu kitu.

Nirudi kwenye bledi, maana kuna swali ambalo msomaji mwenye intaneti atakuwa nalo: si kuna mashine isiyokata vidole? Ipo. Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass, mwanasheria wa hataza mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia, alibuni mfumo unaotambua mwili kwa kuwa mwili hupitisha umeme na mbao kavu haipitishi. Breki huisimamisha bledi ndani ya milisekunde 5 hivi, na soseji aliyoitumia kuonyesha ilitoka na mkwaruzo. Kampuni yake, SawStop, ilianza kuuza mashine mwaka 2004. Huko Marekani swali si dogo: tume yao ya usalama wa bidhaa ilikadiria kwamba mwaka 2015 watu wapatao 30,000 walifika vyumba vya dharura baada ya kuguswa na bledi za mashine za meza.

Kwa Keko ina kasoro mbili. Ya kwanza ni bei, na kila breki ikifyatuka huharibika pamoja na bledi. Ya pili inanivutia zaidi: mbao iliyojaa maji nayo hupitisha umeme, na mashine inaweza kuidhania mkono. Paini mbichi ya Mafinga ingeifyatua breki na kumwachia fundi hasara ya siku kadhaa bila mtu kukatwa. Kwa hiyo mfumo ungezimwa, kama kofia inavyovuliwa, na tungerudi tulipokuwa, tukiwa na deni.

Mtu mwenye uwezo mkubwa juu ya vidole hivi bado ni yule wa mtaa wa pili. Mashine anayoichomelea leo itapita mikononi mwa makumi ya watu, itauzwa Mbagala, itauzwa tena Kibiti, na kila atakayeishika ataikuta kama ilivyozaliwa. Na hapa mashine ya mchomeleaji ina nafuu ambayo ya kiwandani haina. Kwenye ya kiwandani bledi hupanda, hushuka na kulala upande, na kisu cha nyuma lazima kiifuate kila iendako. Ndiyo sababu utengenezaji wake ni wa ghali. Kwenye nyingi za Keko bledi imekaa palepale daima. Kisu kinaweza kufungwa kwenye fremu kwa boliti mbili tu, kwenye matundu marefu ili kisogezwe bledi mpya ikiwa na kipenyo tofauti. Chuma chake kinaweza kukatwa kutoka kwenye bledi kubwa ya zamani iliyokwisha meno, ambayo kila karakana inayo, imeegemezwa mahali, ikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. VETA Chang'ombe iko jirani, na SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya wenye viwanda vidogo. Kaliba moja ya bati yenye mviringo sahihi, ikitolewa kwa wachomeleaji, ingewaondolea kazi ya kukisia. Mteja anayeagiza mashine aseme tu kabla ya kutoa malipo ya awali: kisu nyuma ya bledi, bati la kufunika mkanda, stata ya vitufe viwili. Mchomeleaji atauliza kisu ni cha nini, na atakayemjibu awe na kipande cha mbao mkononi cha kumwonyesha.